Aende wapi anayetaka kuacha?

Wiki iliyopita mama mmoja alinisimamisha bombani: "Mtoto wangu anataka kuacha pombe. Aende wapi?" Leo nakujibu kwa historia.

Heroini, unga kama wanavyoiita, ilifika pwani ya Afrika Mashariki miaka ya 1980. Mwanzoni watu waliivuta. Baadaye wakaanza kujidunga na kuazimana sindano, na UKIMWI ukaingia humo humo. Familia zilijua njia chache: polisi, mganga, wodi ya wagonjwa wa akili, au kumfungia kijana chumbani mpaka arosto imwishe. Arosto ni yale maumivu ya kukosa dawa: kutapika, kuhara, mifupa kuuma.

Mwaka 2009 Zanzibar kulianza nyumba za upataji nafuu. Humo walioacha wanawashika mkono wanaoacha, kwa hatua 12. Hatua hizo zina asili ya mbali: Akron, Marekani, mwaka 1935, walevi wawili, mmoja mfanyabiashara na mwingine daktari wa upasuaji, waligundua kwamba wakizungumza wao kwa wao hawanywi.

Februari 2011 hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ikaanza kutoa methadoni. Ni dawa ya maji, unainywa kila siku mbele ya mhudumu, arosto inatulia na mtu anaweza kwenda kazini. Mwananyamala na Temeke zikafuata. Kenya ilianza mwishoni mwa 2014, Mathari, Nairobi.

Lakini sikia vizuri, mama yangu wa bombani: methadoni ni ya heroini na jamii yake. Haitibu gongo wala lutuku.

Na hapa nina neno la nyumbani. Baba yangu mdogo alikunywa kila siku tangu tulipovuka ziwa. Siku moja akaapa kuacha. Tukafurahi, tukamfungia ndani ili asitoroke. Siku ya pili alitetemeka, akawa anaona wadudu ukutani, kisha akaanguka kama mwenye kifafa. Tulidhani amerogwa. Kumbe mwili uliozoea pombe nyingi ukikatiwa ghafla unaweza hata kufa. Zahanati walimpa dawa ya kutuliza na vitamini, siku kadhaa, wakipunguza kidogo kidogo. Alipona. Mimi ndiye niliyeshika ufunguo.

Kwa hiyo usimfungie. Mpeleke zahanati ya kambi kabla hajaacha, uliza mhudumu wa afya ya akili. Mwambie ukweli: anakunywa nini, kiasi gani kwa siku, lini mara ya mwisho, kama amewahi kuanguka. Ikihitajika hospitali ya nje, omba barua ya rufaa, na uulize hapo hapo kuhusu kibali cha kutoka. Akianza kutetemeka usiku, usingoje asubuhi.

Baba mdogo amekubali kuja studio Jumanne.