Historia ya Mombasa Haikomei Kivukoni

Anayeizuru Mombasa kwa ajili ya historia yake hupelekwa Ngome ya Yesu, akapitishwa vichochoro vya Mji wa Kale, kisha akaambiwa ameiona. Ng'ambo, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, huhesabiwa kuwa pahali pa viwanda, vyumba vya kupanga na foleni za feri. Ziara ya namna hiyo huficha jambo la msingi: kisiwa cha Mombasa hakikuwahi kujiamulia mambo yake peke yake. Kililishwa na bara, kikalindwa na bara, na kilipoanguka kiliangushwa na waliotokea bara. Majina ya Taifa Kumi na Mbili, makundi ya Waswahili yaliyobeba siasa ya Mombasa kwa karne kadhaa, ni ushahidi wa kwanza. Changamwe ni mojawapo ya Thelatha Taifa, yaani zile tatu, pamoja na Kilindini na Tangana. Jomvu na Mtwapa, ambayo pia ni majina ya mahali pa bara, zimo katika Tisa Taifa. Watu wa taifa hizo walikuwa na mashamba ng'ambo na mapatano na Wamijikenda, majirani zao wa bara, na nguvu hiyo ndiyo iliyowafanya wasikilizwe na kila mtawala.

Hata Ngome yenyewe haielezeki bila ng'ambo. Mwaka 1589 Mombasa ilikuwa imemkaribisha Mir Ali Bey, nahodha wa Dola ya Uthmaniya, aliyekusudia kuwang'oa Wareno katika pwani hii. Merikebu za Wareno zilipowasili kutoka Goa, Wazimba, wapiganaji waliotokea bara, walikuwa wamekwisha kupiga kambi upande wa bara, penye kivuko cha Makupa, ambako maji yakitoka watu waliweza kuvuka kwa miguu. Mizinga ya Wareno ilishinda baharini, lakini walioumaliza mji ni Wazimba walipovuka. Wao nao walikwenda kushindwa karibu na Malindi na Wasegeju, watu wa bara, ambao baada ya muda mfupi waliiteka Mombasa kwa ajili ya mfalme wa Malindi. Hapo ndipo Wareno walipopata mlango, na mwaka 1593 wakaanza kujenga Ngome kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Baadaye walijenga vingome Makupa pia, maana walijua hatari ingetokea wapi. Mwenye kusimama juu ya kuta zile akatazama bahari tu, amekipa mgongo chanzo cha kujengwa kwake.

Wapo watakaouliza: ng'ambo kuna nini cha kutazama? Ni kweli hakuna jengo la kushindana na Ngome. Lakini ukubwa wa jengo si kipimo cha uzito wa historia. Carthage, kule Tunisia kwenye pwani ya Mediterania, Warumi waliubomoa mji wa mwanzo mwaka 146 KK, na magofu yaliyopo leo yametawanyika katikati ya nyumba za watu. Hata hivyo wageni huyazunguka moja baada ya jingine, kwa kuwa yameunganishwa kwa simulizi moja. Kisauni ina vya kuunganishwa. Upande wa Nyali kuna kaburi la Rosine Krapf, mke wa mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyefariki Julai 1844 pamoja na mtoto wake mchanga. Kengeleni, kando ya barabara iendayo Malindi, umesimama mnara wa kengele ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliookolewa baharini, miaka miwili baada ya Sultani Barghash kutia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa Zanzibar. Kengele hiyo ililizwa kuwatahadharisha wakazi dhidi ya wavamizi. Makondakta wa matatu huita jina la kituo cha Kengeleni mchana kutwa, na abiria wengi hushuka bila kujua kengele hiyo ilimlilia nani.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba hizo ni kumbukumbu za Wazungu. Wanaosema hivyo wana sababu: msimamizi wa Frere Town, J. W. Streeter, alichunguzwa na ubalozi wa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1880 kwa kuwachapa viboko watu walioambiwa wako huru. Lakini kijiji hakikuwa mali ya wasimamizi wake. William Jones na Ishmael Semler, Waafrika waliokombolewa utumwani na kusomeshwa Nasik, India, ndio waliofundisha na kuhubiri huku, na mwaka 1885 wakawekewa mikono kuwa mashemasi. Watumwa watoro wa mashambani walikimbilia Rabai, kituo kingine cha misheni, na Frere Town kwa hiari na ujasiri wao, hata Januari 1889 kampuni ya Waingereza ikalazimika kuwalipa mabwana wao fidia kwa ajili ya zaidi ya watu 1,400. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika pwani hii hadi 1907. Tukikipuuza kijiji hiki kwa kuwachukia wamisionari, tutakuwa tumewafuta waliokijenga kwa mikono yao.

Basi ratiba ya ziara igeuzwe: ianzie Makupa na Changamwe, ipite Kengeleni, ndipo iingie Ngomeni. Vibao viwekwe kwa Kiswahili, mipaka ya maeneo haya ilindwe kisheria kabla majengo hayajayameza, na vijana wa Kisauni na Changamwe wafunzwe kuwa waongozaji. Historia hii ni ya babu zao, na wao ndio wanaostahili kuisimulia wa kwanza.