Vitabu Vilivyokatazwa na Wasomaji Wake wa Uzeeni

Mwaka 1968 kijana wa Mombasa mwenye umri wa miaka 22, Abdilatif Abdalla, aliandika waraka ulioitwa Kenya: Twendapi? Nchi ilikuwa imepata uhuru miaka mitano tu nyuma, na tayari wagombea wa chama cha upinzani cha KPU walikuwa wamezuiwa kusimama katika uchaguzi wa serikali za mitaa. Abdilatif alitaka kujua chama tawala cha KANU kinawapeleka wapi wananchi. Waraka ulisambazwa kwa siri. Desemba mwaka huo alikamatwa, na Machi 1969 akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu kwa kosa la uchochezi.

Gerezani alitunga mashairi na kuyaandika kwenye karatasi za chooni. Yalichapishwa Nairobi mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata diwani hiyo ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi. Ikasomeshwa shuleni. Wengi wetu tulihesabu mizani, tukataja vina na dhamira, lakini waraka uliomtia mshairi ndani hatukuuona. Tulifundishwa kilio, hatukufundishwa kilichomliza.

Ukimya huo ulikuwa na mizizi mirefu. Serikali ya kikoloni ilipiga marufuku vuguvugu la Mau Mau mwaka 1950. Bendera ya Uingereza ikashushwa mwaka 1963, lakini marufuku hiyo ilibaki katika sheria za Kenya hadi mwaka 2003. Kwa miaka 40 ya uhuru, waliopigana msituni walikuwa bado, kisheria, wanachama wa kundi haramu. Kauli iliyorudiwa majukwaani ilikuwa kwamba sote tulipigania uhuru. Kauli hiyo ilimweka aliyekula kiapo cha Mau Mau sawa na aliyemlinda mkoloni, na haikuacha nafasi ya kuuliza mashamba yalimwendea nani.

Waliouliza waliadhibiwa. Maina wa Kinyatti, mwanahistoria aliyefundisha Chuo Kikuu cha Kenyatta, alikusanya nyimbo za wapiganaji na kuzichapisha mwaka 1980. Miaka miwili baadaye alikamatwa, akafungwa miaka sita kwa shtaka la kumiliki maandishi ya uchochezi. Ngũgĩ wa Thiong'o naye, akiwa uhamishoni, alichapisha riwaya ya Matigari kwa Kikuyu mwaka 1986. Mwenyewe alieleza kwamba wakulima walimzungumzia Matigari kwa bidii hata serikali ikaamuru akamatwe, na ilipobainika kuwa ni mhusika wa hadithi, polisi wakaviondoa vitabu madukani mapema mwaka 1987.

Milango ilifunguka polepole. Kosa la uchochezi liliondolewa kwenye sheria mwaka 1997. Mwaka 2007 sanamu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, ilisimamishwa katikati ya Nairobi, miaka 50 baada ya kunyongwa kwake katika gereza la Kamiti. Mwaka 2011, kesi ya wazee wa Mau Mau kuhusu mateso ya enzi za ukoloni, iliyosikilizwa jijini London, iliilazimisha Uingereza kukiri kwamba ilikuwa imeficha maelfu ya majalada ya makoloni yake huko Hanslope Park. Juni 2013 ikakubali kumaliza madai ya wazee 5,228 kwa jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo. Waraka wa Abdilatif wenyewe ulichapishwa upya mwaka 2016, katika kitabu kilichotolewa na Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam.

Ndiyo maana wengi wa kizazi changu tunavisoma vitabu hivi tukiwa na wajukuu. Wapo wanaoona tumechelewa, kwamba mtu mzima hana haja ya kufukua yaliyopita. Mimi naamini kinyume chake. Kijana akisoma habari za vijiji vya kizuizini vya wakati wa Mau Mau, anajifunza. Mzee akizisoma, anaelewa kwa nini mama yake alinyamaza kila yaliposikika malori usiku, kwa nini jirani fulani hakualikwa harusini, kwa nini shamba la babu lilipata hati yenye jina la mtu mwingine. Anakuwa msomaji na shahidi kwa wakati mmoja.

Ushahidi huo pia humpa haki ya kukipinga kitabu. Kukatazwa hakukifanyi kitabu kuwa kweli. Kinyatti aliiona Mau Mau kuwa vita vya taifa zima, ilhali mwanahistoria William Ochieng' alishikilia kwamba ilikuwa hasa mapambano ya Wakikuyu. Mjadala huo ulihitaji kumbukumbu za watu wa Nyeri, Kisumu na Mombasa, nao wakati ule walikuwa wamejifunza kufunga vinywa. Hasara kubwa ya marufuku iko hapo: ilituzuia kusoma, na pia ilituzuia kubishana wakati mashahidi walipokuwa wengi.

Wamebaki wachache. Kwa hiyo mzee mwenzangu, visome, na usikubali kila ukurasa. Pale kitabu kinapotofautiana na ulichokiona, andika pembeni mwaka, mahali na jinsi ilivyokuwa. Kisha mpe mjukuu kitabu hicho akisome pamoja na maandishi yako, umwambie naye aulize.