Namna ya Kuzuia Maji ya Mvua Kutuama Kwenye Msingi wa Nyumba: Mwongozo kwa Wakazi wa Miinuko ya Buhigwe

Na Mwandishi Wetu

Wilaya ya Buhigwe, iliyoanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Wilaya ya Kasulu, ni miongoni mwa maeneo ya Mkoa wa Kigoma yenye vilima na mabonde mengi. Kama zilivyo wilaya za Kasulu na Kibondo, Buhigwe hupata msimu mmoja wa mvua, ambao kwa kawaida huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Katika kipindi hicho, nyumba nyingi huharibika kuanzia chini, pale maji yanapotuama kando ya ukuta bila kupata njia ya kutoka.

Madhara ya maji yaliyotuama

Nyumba nyingi vijijini hujengwa kwa matofali mabichi au ya kuchoma yanayounganishwa kwa udongo. Udongo ukilowa kwa muda mrefu hupoteza nguvu. Sehemu ya msingi iliyolowa hutitia kuliko sehemu kavu, na ukuta hupasuka. Vilevile, tofali hunyonya maji kutoka ardhini na kuyapandisha, hivyo lipu hubanduka na vyumba huwa na unyevunyevu.

Madhara hayaishii kwenye jengo. Mbu waenezao malaria huzaliana katika madimbwi madogo yanayopigwa na jua, na yai huweza kuwa mbu kamili ndani ya wiki moja hadi mbili.

Kiasi cha maji kinachohusika

Mvua ya milimita moja huleta lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba. Kwa hiyo, paa lenye ukubwa wa mita 8 kwa 10 likipata mvua ya milimita 50, humwaga takriban lita 4,000, sawa na mapipa 20 ya lita 200. Paa lisipokuwa na njia ya kukinga maji, kiasi hicho chote huanguka chini ya ukuta.

Hatua za kuchukua

*Kinga maji yatokayo mlimani.* Kwa nyumba iliyojengwa kwenye mteremko, hatari kubwa iko upande wa juu. Chimba mtaro wa makingamaji ukiuzunguka upande huo kama upinde, mita tatu au zaidi kutoka ukutani, wenye mteremko mdogo unaopeleka maji pembeni mwa nyumba. Mtaro usichimbwe kwa kugusa ukuta, kwani hufukua msingi na kuuacha bila ulinzi. Panda majani kwenye kingo zake ili udongo usimomonyoke.

*Rekebisha uso wa ardhi.* Ardhi inayozunguka nyumba ishuke walau sentimita 15 katika mita tatu za kwanza kutoka ukutani. Ukijaza, tumia udongo wa mfinyanzi na kuushindilia kwa tabaka nyembamba. Mchanga mtupu hupitisha maji hadi kwenye msingi. Pale ambapo kilima kimechongwa karibu sana na ukuta wa nyuma, ondoa udongo ulioporomoka na uache njia ya maji kutoka pande zote mbili.

*Kinga maji ya paa.* Funga mifereji ya paa, maarufu kama gata, yenye mteremko wa sentimita moja kwa kila mita. Bomba la kushushia maji limwage kwenye tangi au lipeleke maji walau mita mbili kutoka ukutani. Tangi likijaa, maji ya ziada nayo yawekewe njia. Kwa asiye na uwezo wa kununua gata, mfereji wa mawe chini ya michirizi ya paa husaidia, mradi uwe na mahali pa kutolea maji.

*Fukia shimo la udongo wa matofali.* Shimo lililochimbwa karibu na nyumba wakati wa ujenzi hugeuka kuwa bwawa msimu wa mvua. Lifukiwe na kushindiliwa.

*Linda sehemu ya chini ya ukuta.* Kwa nyumba mpya, msingi wa mawe upande sentimita 30 hadi 45 juu ya ardhi, na karatasi ya nailoni ngumu iwekwe juu ya msingi kabla ya tofali la kwanza. Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, sakafu ya zege au mawe yenye upana wa mita moja, iliyoinamia nje, huzuia matone kuchimba ardhi. Migomba na bustani zinazomwagiliwa zisiwe kando ya ukuta.

Jirani, barabara na bonde

Maji yanayotolewa kwenye nyumba moja yasielekezwe kwenye msingi wa jirani wala katikati ya barabara. Pale nyumba kadhaa zinapofuatana kwenye mteremko, wakazi wakubaliane mtaro mmoja kupitia uongozi wa kitongoji. Aidha, mtaro hauwezi kuiokoa nyumba iliyojengwa kwenye njia ya mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito.

Wakati wa kutenda

Kazi za kuchimba, kujaza na kujenga zifanyike kati ya Juni na Septemba, ardhi ikiwa kavu. Mvua za kwanza zinaponyesha, zunguka nyumba ukiangalia maji yanakosimama. Mvua yenyewe huonesha kasoro. Baada ya hapo, safisha gata na mitaro mara kwa mara hadi msimu uishe, na kufuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA).

Ufa unaopanuka siku hadi siku, ukuta ulioinama, au mlango ulioanza kukwama ghafla wakati wa mvua ni dalili za hatari. Wakazi wa nyumba hiyo wahame mara moja, kuanzia watoto, wazee na wagonjwa, kisha watoe taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji. Ukuta uliokwisha kulowa hauanguki kwa taarifa, na mara nyingi huanguka usiku watu wakiwa wamelala.