Safari za kuvua mbuta

Safari za kuvua mbuta ni matembezi ya majini yanayompeleka mgeni kutafuta samaki mkubwa kwa ufito na mshipi katika upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, akiongozwa na nahodha na baharia wenyeji, wengi wao Wajaluo na Wasuba. Kitovu chake ni visiwa vya Rusinga, Mfangano na Takawiri katika Kaunti ya Homa Bay. Kisumu, mji mkubwa wa ufuo huo, ndio mlango wa kuingilia. Hapo safari huwa fupi zaidi, nazo huhusu viboko na ndege.

Mbuta ndilo jina la Kijaluo lililoenea Kenya. Waganda humwita mputa, na Tanzania ni sangara.

Historia

Wakazi wa ufuo waliwinda viboko kwa mikuki kabla ya ukoloni, na hadithi za mawindo hayo bado husimuliwa na wazee. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence, wawindaji wa Kizungu walipita hapo bila kukaa sana. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka madarakani Marekani, alishuka garimoshi Kisumu mnamo Desemba 1909 akapanda meli ya Clement Hill kuelekea Entebbe. Mawindo yake makubwa yalikuwa bara, nayo Kisumu ilikuwa gati tu.

Mei 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori, na biashara ya nyara ikafungwa mwaka uliofuata. Katazo hilo halijaondolewa. Anayetaka kupima nguvu zake na kiumbe wa porini nchini Kenya kwa njia halali amebakiwa na samaki, na hii ni mojawapo ya sababu za safari za mbuta kupata wateja.

Samaki mwenyewe hakuwa wa ziwa hili. Aliingizwa upande wa Uganda katika miaka ya 1950, kisha upande wa Kenya katika miaka ya 1960, kwa nia ya kuongeza uvuvi wa kibiashara na wa burudani. Kwa takriban miaka ishirini hakuonekana sana. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa amejaa kila wavu, huku samaki wadogo waitwao fulu, wa aina mamia waliokuwa wakipatikana ziwani humu pekee, wakitoweka aina moja baada ya nyingine. Ni hasara kubwa ya kusikitisha, na hakuna mapato ya mbuta yanayoweza kuwarudisha.

Viwanda vya minofu vilijengwa Kisumu, mifupa ikawa chakula cha mjini kwa jina la mgongo wazi, na nyumba za wageni zikafunguliwa visiwani. Kambi ya Mfangano, chini ya kampuni ya Governors' Camp ya Maasai Mara, ilijulikana kwa kupokea wageni waliotoka kutazama simba: ndege ndogo iliwatoa Mara alfajiri, ikatua kisiwani kabla ya saa moja kwisha, nao wakawa wamevua na kula chakula cha mchana kabla ya kurudi. Mwaka 1991 mbuta wa takriban kilo 87 alivuliwa Rusinga, akawa rekodi ya dunia kwa uvuvi wa ufito. Rekodi hiyo baadaye ilihamia Ziwa Nasser, Misri, ambako mwaka 2000 alipatikana wa kilo 104.

Samaki

Mbuta aweza kufikia urefu wa mita mbili na uzito wa kilo 200, ingawa wa namna hiyo ni nadra. Macho yake hung'aa kama makaa yakimulikwa usiku. Akiwa mchanga hula kamba wadogo. Akikua hula omena (dagaa), fulu na hata wenziwe. Wakubwa kabisa karibu wote ni majike, wenye mamilioni ya mayai. Kwa hiyo samaki anayepigwa picha kwa fahari zaidi ndiye pia mzazi ambaye ziwa linamhitaji zaidi.

Mbuta huhitaji oksijeni nyingi. Mahali gugumaji lilipofunika maji, au kina ambacho hewa imepungua, yeye huhama. Gugu hilo lilipofikia kilele chake Ghuba ya Winam mnamo 1998, maeneo mengi ya karibu na Kisumu yalikuwa hayavuliki.

Safari inavyokwenda

Mashua huondoka kukianza tu kupambazuka. Usiku upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na alfajiri hutulia. Baada ya adhuhuri upepo hugeuka, ukavuma kutoka ziwani, na mawimbi ya mkondo kati ya Rusinga na Mfangano huwa makali kiasi cha kumtia hofu hata mwenye uzoefu. Nahodha mwenye busara hurejea kabla ya saa nane.

Njia ya kawaida ni kurambaza: mishipi miwili au mitatu huburutwa nyuma ya mashua inayokwenda polepole, kila mmoja ukiwa na chambo bandia cha umbo la samaki kinachozama. Mashua hufuata kingo za mawe, ncha za visiwa na mahali ambapo kina hubadilika ghafla, kwa sababu fulu waliosalia hukaa penye mawe na mbuta huwafuata. Zamani ilitumika sese, mashua ya mbao ya wavuvi. Nyumba za wageni zilileta mashua za faiba zenye injini mbili. Sese bado hutumiwa na wageni wasio na fedha nyingi, nayo ina faida moja ambayo wenye faiba hawaikiri kwa urahisi: hupita taratibu bila kishindo.

Mbuta akishika, injini hupunguzwa, mishipi mingine hukunjwa upesi, na baharia humwelekeza mgeni lini avute na lini alegeze. Samaki huweza kuruka juu ya maji akitikisa kichwa, na hapo ndipo wengi humpoteza. Akifika ubavuni hupokewa kwa wavu wa mkono au ngoe. Aliyetolewa kwenye kina kirefu hufura tumbo kwa sababu ya hewa iliyo katika bondo lake, hivyo kumrudisha akiwa hai kunahitaji haraka na mkono wenye ujuzi.

Waongozaji

Katika simulizi nyingi za safari hizi mgeni hutajwa kwa jina, uzito wa samaki hutajwa kwa nusu kilo, na aliyeendesha mashua huitwa tu kijana wa mashua, hata akiwa mtu mzima mwenye wajukuu. Huo ni upungufu wa kumbukumbu, kwa maana mgeni mwenye siku moja au mbili hajui samaki alipo. Anayejua ni nahodha.

Ujuzi wake una historia isiyo ya kawaida. Huko Nunavut, kaskazini mwa Kanada, Wainuiti huwaongoza wageni kuwinda wanyama wa Aktiki wenye manyoya marefu, na elimu yao kuhusu wanyama hao imerithiwa kwa vizazi vingi. Jolupo, yaani wavuvi, wa Rusinga hawakurithi chochote kuhusu mbuta. Baba zao walikuwa mabingwa wa ngege, ningu na seu, samaki wenye tabia nyingine kabisa. Katika muda wa kizazi kimoja walilazimika kumsoma mgeni huyu mpya: anapokaa mwezi ukiwa mkubwa, anavyohama gugumaji likija, kina anachopenda msimu wa mvua. Walifanya hivyo bila kitabu, na kwa haraka ya kustaajabisha.

Sehemu ya elimu ya kale ilibaki na kazi. Nahodha hupata mahali pake kwa kulinganisha vilima vya Gembe na Gwassi na alama za ufuoni, hutazama ndege wanaorukia makundi ya omena, na husoma rangi ya wingu kabla ya dhoruba. Mzee wa mashua huitwa jaduong', na neno lake la kurudi bichi halibishiwi. Mfangano, wazee kadhaa bado huzungumza Kisuba pamoja na Kijaluo.

Kwa kawaida mgeni hubaki na picha. Minofu huenda jikoni, kwa mabaharia au kwa akina mama wa bichi, nalo bondo, ambalo wanunuzi wa soko la China hulipia bei kubwa, halitupwi.

Kisumu na Dunga

Kutoka bichi ya Dunga, karibu na Kisumu, vijana huwapeleka wageni kwa mashua kutazama viboko na ndege wa mafunjo. Kisiwa cha Ndere, hifadhi ya taifa tangu 1986, hufikiwa kwa njia hiyohiyo. Viboko ni hatari ya kweli. Waongozaji hukaa mbali nao na hawaingii kati ya mama na mtoto.

Sheria

Uvuvi wa burudani huhitaji leseni, na kila bichi iko chini ya kitengo chake cha usimamizi wa bichi (BMU). Kipimo kilichokubaliwa na nchi zinazopakana na ziwa ni mbuta wa kati ya sentimita 50 na 85. Aliye mrefu zaidi ya hapo anapaswa kuachwa azae, kanuni inayogongana moja kwa moja na tamaa ya nyara. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya ziwa, hivyo nahodha hulazimika kujua mpaka ulipo.

Hali ya sasa

Mbuta wakubwa wamepungua kutokana na uvuvi mwingi na nyavu haramu. Maji yalipopanda mwaka 2020 bichi nyingi zilifurika, Dunga ikiwemo. Vizimba vya kufugia ngege vimeongezeka, vikichukua baadhi ya maeneo yaliyokuwa ya kurambazia. Daraja la Mbita, lililochukua nafasi ya tuta la zamani, limefungua tena mkondo wa maji na kurahisisha usafiri wa barabara kwenda Rusinga.