Polima ilivyobadili historia ya tope la majitaka

Miji mingi huona kazi imekwisha majitaka yakishatakata. Lakini uchafu uliotolewa majini hubaki, ukawa tope. London ilianza mwaka 1887 kulipakia tope hilo melini na kwenda kulimwaga baharini, ikaendelea hivyo hadi 1998, baada ya sheria ya Ulaya kukataza. Mzigo ulizidi kuwa mzito kuanzia 1914, Edward Ardern na William Lockett wa Manchester walipotangaza njia ya kusafisha majitaka kwa hewa na bakteria. Maji yalitoka safi, ila tope lililobaki laweza kuwa maji kwa asilimia 99, na chembe zake, kwa kuwa zina chaji hasi, husukumana badala ya kushikamana. Jiji la Milwaukee, Marekani, liliongeza kloridi ya chuma, likachuja tope, likalikausha na kuanza kuliuza kama mbolea mwaka 1926. Kwingine walitia chokaa pia, wakakausha tope huku wakilizidisha, kwani tani moja ya tope kavu ingeweza kudai kilo mia na zaidi za kemikali.

Hapo ndipo naona thamani ya polima za kutengenezwa, zilizoenea tangu miaka ya 1960. Mnyororo wake mrefu wenye chaji chanya hunasa chembe nyingi kwa pamoja, maji yakapata njia ya kutoka. Kwa kawaida kilo chache tu hutosha tani ya tope kavu. Bila polima, mashine za kukamua kwa mikanda zisingefaa kitu: tope lingepenya kitambaani kama tui kwenye kifumbu. Tope la asilimia 1 ya yabisi likifikishwa 20, ujazo wake hubaki takriban sehemu moja ya ishirini. Hizo ni safari za malori zilizookolewa.

Wapo wanaosema jua letu latosha kukausha tope. Kwa mji mdogo wenye ardhi, ni kweli. Lakini vitanda vya kukaushia huchukua wiki nyingi, na masika huvilowesha upya. Wengine wanahofia akrilamidi, kiini cha polima nyingi kati ya hizi, ambayo hudhuru neva. Hofu hiyo ina msingi, ndiyo maana WHO imependekeza isizidi mikrogramu 0.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Dawa yake ni kudai polima yenye mabaki machache na kupima dozi, si kurudi kwenye milima ya chokaa. Halmashauri inayopanga mtambo wa majitaka na itenge fedha za tope tangu siku ya kwanza.