Ferrari 250 GTO au Shelby Cobra? Ndinga iliyogawiwa bure shuleni

Wadau wa ndinga, leo tuanzie Victoria, Texas. Miaka ya 1960 kuna shule ya sekondari pale ambayo wanafunzi wake wa ufundi magari walikuwa wanajifunzia kwenye Ferrari 250 GTO. Ndiyo, umesoma vizuri, na walipewa bure. Mwaka 1972 ikauzwa dola 6,500, ikaishia Ohio juu ya trela, uwanjani, ikinyeshewa mvua na theluji miaka kibao. Sasa shika kiti: 2018 GTO nyingine ilipigwa mnada kule Monterey, California, kwa dola milioni 48.4.

Zilitengenezwa 36 tu, kati ya 1962 na 1964. Sheria za mbio zilidai magari 100 ndipo ukubaliwe daraja la GT, lakini mzee Enzo Ferrari akashikilia kwamba hili si gari jipya, ni 250 ileile iliyobadilishwa nguo. Wakubwa wakakubali! Ndani kuna V12 ya lita 3 yenye kabureta sita za Weber, na kuzisawazisha hizo kunataka fundi mwenye sikio. Zilipozeeka watu wakazikimbia. Gari la mbio la msimu uliopita nani alikuwa na shida nalo?

Upande wa pili yupo Carroll Shelby, mtoto wa Texas, aliyewahi kufuga kuku na kushinda Le Mans 1959 kabla moyo haujamsumbua akaacha kukimbia. 1962 akachukua gari dogo jepesi la AC Cars ya Uingereza, akatupia V8 ya Ford. Hiyo ndo Cobra, kwa hiyo wanaojigamba kuwa ni Mmarekani damu wapoe kidogo. Ila injini yake raha tupu, maana spea zipo na fundi wa mtaani kule Marekani anaifungua bila kutetemeka.

Bifu lenyewe liliwaka 1964. Daytona, yaani Cobra iliyofunikwa paa, ikaongoza daraja la GT pale Le Mans, Ferrari akakabwa koo. Halafu mbio za Monza zikafutwa katikati ya mvutano kuhusu gari jipya la Ferrari, na ubingwa akabeba Ferrari. Mimi hapo naona Shelby alionewa. 1965 akalipa kisasi, taji likaenda kwake.

Kwa mkusanyaji, Cobra ina ugonjwa mmoja: feki. Ni kati ya magari yaliyoigwa zaidi duniani, kwa hiyo unanunua namba ya chasisi kwanza, gari baadaye. Ya kwanza kabisa, CSX2000, iliuzwa dola milioni 13.75 mwaka 2016. Ferrari wao wana kitengo Maranello kinachokagua na kutoa cheti cha uhalisia, na 2019 mahakama ya Bologna iliitambua GTO kuwa kazi ya sanaa.

Mimi? Kuendesha, Cobra. Kuweka ndani kama dhahabu, GTO.

Mwenye mkwanja wa kawaida (kawaida ya kitajiri, lakini) aangalie Corvette ya 1963 yenye kioo cha nyuma kilichogawanywa mara mbili. Zilitoka 10,594, mwaka huo mmoja tu. Bodi ni faibaglasi, haishiki kutu, ila inama ukague fremu ya chuma chini. Cha kuchekesha, enzi hizo baadhi ya wenye nazo waliing'oa ile nguzo ya katikati na kuweka kioo kimoja, eti wapate kuona nyuma.