ZIWA EDOUARD: WAVUVI, WAWINDAJI NA VIBOKO

Msafiri anayetoka Goma na kupita Rutshuru, akishika njia ya Kanyabayonga, anapita katika bonde pana la majani. Hilo ndilo bonde la Rwindi. Akiisha kupanda mlima na kugeuka nyuma, anaona upande wa kaskazini maji meupe yanayong'aa mpaka mwisho wa macho. Maji hayo ni Ziwa Edouard.

Watu wengi wamelijua ziwa hili kwa samaki wake tu. Wengine wamelijua kwa sababu ya viboko na ndege ambao wageni walitoka mbali kuwatazama. Lakini samaki na kiboko si habari mbili. Ni habari moja, na yeye anayeitenganisha atapoteza vyote viwili. Jambo hilo limeonekana wazi katika historia ya ziwa lenyewe. Basi, tuifuate tangu mwanzo.

Ziwa lilivyo

Ziwa Edouard lina eneo la kilometa za mraba 2,300 hivi. Katika sehemu kumi za ziwa, saba ni za Kongo na tatu ni za Uganda. Upande wa magharibi, chini ya milima ya Mitumba, kina chake kinapita mita 100. Upande wa mashariki maji si ya kina kirefu. Mito ya Rutshuru, Rwindi na Ishasha inaleta maji kutoka kusini. Mfereji wa Kazinga unaliunganisha na Ziwa George katika inchi ya Uganda. Mto unaotoka ni mmoja tu, nao ni Semliki. Unatoka upande wa kaskazini, mahali panapoitwa Ishango, unakwenda mpaka Ziwa Albert, na kutoka huko maji yanaingia katika Nili. Hivi maji ya Rutshuru yanafika hata Misri.

Wavuvi wa kwanza

Uvuvi wa hapa haukuanza jana. Mwaka 1950 mtaalamu mmoja Mbelgiji, Jean de Heinzelin, alichimba udongo pale Ishango. Akakuta mifupa ya samaki na ya nyama wengi, hata ya kiboko. Tena akakuta vyusa vya mfupa, yaani ncha za mikuki zenye meno, ambazo watu walichongea kuvulia samaki. Pamoja navyo alipata mfupa mdogo wenye alama zilizokatwa kwa makundi, kama mtu anayehesabu. Wataalamu wanaona kwamba una miaka 20,000 hivi. Mfupa huo ulipelekwa Brussels, na watu wa dunia nzima wanauita mfupa wa Ishango.

Kisha katika miaka ya 1980 wataalamu wengine walichimba Katanda, chini kidogo kando ya mto Semliki. Huko walikuta vyusa vya zamani zaidi, vya miaka kama 90,000, pamoja na mifupa ya kambale wakubwa. Kambale hao walikuwa karibu wa ukubwa mmoja. Ndiyo kusema wavuvi wale walijua majira. Walingoja wakati kambale wakubwa wanapokwenda penye maji machache kutaga mayai, ndipo wakawachoma. Watu wale hawakuwa na nyavu za dukani wala injini, lakini elimu ya ziwa walikuwa nayo.

Jina la ziwa

Wenyeji waliita ziwa hili Rwitanzige, maana yake «linaloua nzige», kwa kuwa nzige wanaojaribu kuvuka maji mapana huchoka na kuanguka. Katika mwaka 1889 Stanley alipita hapa akisafiri na Emin Pasha kwenda pwani. Akaliita Albert Edward, kwa heshima ya mwana wa malkia wa Uingereza. Baadaye likabaki jina la Edward, nasi wa Kongo tunasema Edouard. Mwaka 1973 wakubwa wa inchi walilipa jina la Idi Amin Dada. Idi Amin alipoanguka mwaka 1979, jina lile nalo likaanguka.

Kabla ya hayo, mwaka 1910, Waingereza, Wadachi na Wabelgiji walikutana Brussels wakapatana mipaka yao. Mstari wa mpaka ukapita ndani ya ziwa. Watu wa ng'ambo hii na ng'ambo ile, waliozoea kuvuka kwa mitumbwi kununua chumvi ya Katwe, wakajikuta wa serikali mbili. Lakini samaki hajui mpaka. Leo analala Kongo, kesho anaamka Uganda. Basi, kila kosa la upande mmoja linafika upande wa pili.

Parke na watu wa ufuko

Tarehe 21 Aprili 1925, Mfalme Albert wa Ubelgiji aliweka sahihi ya kuanzisha Parke ya Albert. Ndiyo parke ya taifa ya kwanza katika Afrika. Kwanza ilikuwa ya kulinda sokwe wakubwa wa milima ya moto, kama alivyoomba Mwamerika Carl Akeley. Lakini baada ya miaka kumi hivi mipaka yake ilikuwa imesogezwa mbali: bonde la Rwindi, maji yote ya Ziwa Edouard yaliyo ya Kongo, na bonde la Semliki vikaingia ndani. Mwaka 1969 parke ilipewa jina jipya, Virunga. Mwaka 1979 mataifa ya dunia wakaiandika katika urithi wa watu wote.

Hapa lazima kusema kweli yote. Kabla ya parke, watu waliishi kando ya ziwa. Walivua, waliwinda kwa mikuki na mashimo, walichunga. Ugonjwa wa malale, ulioletwa na mbung'o, uliua wengi, na serikali ikawaondoa watu katika sehemu za ufuko. Kwa ugonjwa hiyo ilikuwa dawa. Lakini walipotaka kurudi, walikuta inchi ya baba zao imekuwa parke, na kuwinda na kuvua kumekatazwa. Mtu aliyekuwa mwenyeji akaitwa mwizi wa nyama. Uchungu huo haukufutika upesi. Wajukuu wao wameendelea kuusimulia, na yeye anayetaka kuwafundisha watu kulinda nyama asipousikia kwanza, maneno yake yataanguka chini.

Chama cha ushirika

Baada ya mashauri mengi kukapatikana njia ya katikati. Mwaka 1949 kilianzishwa chama cha ushirika cha wavuvi wenyeji, kilichoitwa COPILE. Baadaye kikaitwa COPEVI. Ruhusa ya kuvua ikatolewa katika vijiji vitatu: Vitshumbi upande wa kusini, Kyavinyonge upande wa kaskazini, na Nyakakoma upande wa mashariki.

Lakini ruhusa ilikuwa na masharti. Hesabu ya mitumbwi ilipimwa. Matundu ya nyavu hayakuruhusiwa kuwa madogo, ili samaki wachanga wapite. Midomo ya mito ilikatazwa, kwa kuwa ndipo samaki wanapozalia. Mtu asiyefikiri huona masharti haya kuwa ukali bure. Lakini mkulima je, hula mbegu yake yote? Anayevua samaki mchanga anakula mbegu.

Kwa miaka mingi mpango huu ulilisha watu. Tilapia na kambale, wabichi, waliokaushwa na waliotiwa chumvi, walipelekwa katika masoko ya Butembo, Rutshuru na Goma. Kule Vitshumbi wageni walishangaa kuona mwari na marabu wakitembea kati ya watu kama kuku, wakingoja matumbo ya samaki. Mvuvi alimwachia ndege sehemu yake, na ndege alisafisha ufuko. Watalii walilala Rwindi, asubuhi wakaenda kutazama tembo, nyati, simba na viboko bila bunduki, na fedha yao ikabaki inchini.

Kiboko ndiye mchungaji wa samaki

Sasa tuelewe kwa nini kiboko anamhusu mvuvi. Mchana kiboko hukaa majini, kwa maana jua linaichoma ngozi yake. Usiku hupanda nchi kavu akala majani, kilo 40 hivi kwa usiku mmoja. Alfajiri anarudi majini, na humo anatoa mavi. Basi, kila siku anachukua majani ya bondeni na kuyatia ziwani. Mavi hayo ni mbolea. Yanasaidia kuotesha vimea vidogo sana vya majini, ambavyo jicho halivioni kimoja kimoja, na vimea hivyo ni chakula cha tilapia na cha wadudu ambao samaki wengine hula. Hivyo majani yasiyoliwa na mtu yanakuwa samaki mezani kwa mtu.

Katika miaka ya 1970 viboko wa parke walihesabiwa wakapita 25,000. Hakuna mahali duniani palipokuwa na viboko wengi kupita hapo. Midomo ya Rutshuru na Rwindi ilijaa migongo yao kama mawe.

Kisha mambo yakaharibika. Askari wasiolipwa mishahara walianza kuwapiga risasi kwa ajili ya nyama na meno, maana jino la kiboko huuzwa kama pembe ya tembo. Mwaka 1994 wakimbizi wengi sana waliingia kutoka Rwanda, na mwaka uleule Virunga ikaandikwa katika urithi ulio hatarini. Tangu 1996 vita ilifuata vita. Makundi ya watu wenye silaha yalikaa kando ya ziwa, yakaua viboko na kuuza nyama. Katika mwaka 2005 viboko waliobaki hawakufika 1,000. Katika kila viboko 25, hata mmoja hakubaki kamili!

Wakati huohuo mitumbwi isiyo na ruhusa iliongezeka, na nyavu za matundu madogo zikatumika mchana na usiku. Wengine walikuwa wakimbizi wenye njaa, wengine walitoza kodi kwa nguvu ya bunduki. Basi, ziwa lilipigwa mara mbili: mbolea ilipungua, na samaki wachanga walivuliwa. Wavuvi wazee wakaanza kulia kwamba wavu uliojaa zamani unarudi na samaki wachache, tena wadogo. Wapo waliosema: «Parke inatunyima samaki.» Lakini samaki waliofutika hawakuliwa na parke.

Tusisahau pia damu iliyomwagika. Walinzi wa parke zaidi ya 200 wameuawa kazini katika miaka hiyo. Walikuwa wana wa inchi hii, wenye wake na watoto. Na raia wavuvi waliokufa kati ya makundi ya silaha, nani amewahesabu?

Historia inafundisha nini

Viboko wameanza kuongezeka tena, lakini polepole. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mara moja. Kuua kunahitaji usiku mmoja, kurudisha kunahitaji kizazi kizima.

Historia hii inamfundisha kila mmoja. Serikali inajifunza kwamba sheria iliyowekwa bila kumsikia mwenyeji huzaa chuki, na kwamba mapatano ya 1949, pamoja na upungufu wake, yalilisha watu kuliko makatazo matupu. Mvuvi anajifunza kwamba kiboko si adui wa wavu wake, hata akiutoboa siku moja. Mnunuzi sokoni naye ana sehemu yake: anayenunua samaki mchanga, au nyama ya kiboko iliyofichwa kapuni, ameshika wavu mbaya na bunduki kwa mkono wake, ijapokuwa hajafika ziwani hata mara moja.

Wazee wa Katanda walijua majira ya kambale. Hawakujua kusoma, lakini walijua kungoja. Sisi tunaosoma tuwafundishe watoto wetu elimu hiyo tangu sasa, kwa kuwa ziwa tulilirithi na samaki ndani yake, na deni letu ni kuliacha vilevile.